Upepo Ulioingia Mkononi mwa Shemeji

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro jioni. Mvua ya mchana imekatika, bati la karakana bado linadondosha maji, nami napumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Daktari amesema mkono wa Laurenti utabaki mzima.

Laurenti ni mdogo wake mke wangu, mkulima wa kahawa na migomba kule Kimwani. Jumamosi adhuhuri alifika hapa karakanani kwangu, mtaa wa Bakoba, akiwa njiani kwenda kwenye posa ya mwanawe. Alivaa koti jeusi, lakini vumbi la barabara lilikuwa limeligeuza kuwa na rangi ya tofali.

Hapa kwetu kuna desturi ambayo mimi mwenyewe nimeilea. Mtu akitoka mbali, naye anakwenda kanisani au ukweni, hupita karakanani kupulizwa. Husimama, hunyoosha mikono, na fundi humpuliza vumbi kwa mashine ya upepo, kuanzia kola hadi viatu. Hatumtozi mtu chochote. Ni heshima tu.

Ukutani kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: vaa miwani ya kinga, toa upepo wote kabla ya kufungua mpira, usielekeze upepo mwilini mwa mtu. Nilifundisha ufundi kwa miaka mingi, na mwanafunzi aliyekiuka kanuni hiyo ya mwisho nilimtoa nje. Lakini mgeni aliyesimama na koti lake sikumhesabu kuwa mwili. Nilimhesabu kuwa nguo.

Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Laurenti akanyoosha mikono, akasema kwa ile heshima ya Kihaya, "Nipulize vizuri, shemeji, waitu. Wakwe wasije wakadhani wanamwoza binti yao kwa wafyatua tofali."

Nilicheka, nikachukua bomba la mashine ya upepo. Sikupunguza nguvu ya upepo. Sikuuliza kitambaa kilichofungwa kwenye kidole chake kilikuwa cha nini. Asubuhi hiyo alikuwa amejikata alipokuwa akiangusha mkungu wa ndizi, na kitambaa kilikuwa kimelegea. Nilipofika kwenye mkono wa koti, mdomo wa bomba ulikuwa karibu mno na jeraha.

Alipiga kelele. Mkono ukavimba tukiuona, toka kidoleni hadi juu ya kifundo cha mkono. Nilipoubonyeza, kitu kililia chini ya ngozi, kama maganda makavu ya kahawa yanapokanyagwa. Upepo ulikuwa umepenya kwenye jeraha na kutambaa ndani.

Sijawahi kuogopa hivyo.

Hospitalini muuguzi aliuliza imekuwaje. Laurenti, huku jasho likimtoka, akajibu, "Nilijipuliza kwa mashine ya upepo. Mzee huyu alinikataza."

Nami nikaacha muuguzi aandike hivyo.

Walimlaza kwa sababu upepo ule huenda ulibeba mafuta na uchafu, na mkono ungeweza kuoza kwa ndani. Kwa siku mbili nilikaa kwenye benchi nikihesabu vidole vyake kwa macho. Leo asubuhi uvimbe umeshuka. Vidole vyote vitano vinakunjika. Daktari amesema upepo uliobaki utaisha wenyewe, akampa dawa na kumruhusu, kisha akatuonya kwamba ungeingia jichoni au sikioni tungekuwa tunazungumza mengine.

Sasa yuko nyumbani kwangu, anakula ndizi kwa mkono wa kushoto, na dada yake anamtania kwa Kihaya kwamba anakula kama mtoto. Wakwe wamekubali kusubiri wiki mbili.

Mchana, Fundi Koku, mwanamke ambaye ndiye fundi wangu hodari kuliko wote, alinipa pole, kisha akasema, "Lakini shemeji yako naye mbishi, mzee! Kibao chote kile hakukiona? Hawa wakulima bwana, wakiona mashine wanadhani ni jembe." Wenzake wakacheka. Nikainama, nikajifanya natafuta spana.

Nilipomwambia Laurenti kwamba nitasema ukweli, alikasirika. "Wa nini? Mkono si umepona? Utajivunjia heshima bure mbele ya watu wako."

Huenda nitaivunja. Lakini wakiendelea kuamini kwamba kosa lilikuwa la mkulima asiyejua mashine, wiki ijayo watampuliza mgeni mwingine, wakidhani mkononi mwa fundi upepo hauna madhara. Ndivyo nilivyodhani mimi.

Nimenunua brashi mbili za nguo na kuzitundika mlangoni. Anayetoka kijiji cha mbali kama Ngenge na vumbi lake atajipangusa. Atanung'unika, na anung'unike.

Kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, nitawaita mafundi wote na kuwaambia ni nani aliyeshika bomba siku ile. Naona aibu tangu sasa. Hata hivyo, aibu hii ni nyepesi sana mbele ya woga wa Jumamosi, na leo nitalala.