Miaka Yako, Javan

Kaloleni, Nairobi
14 Mei 1983

Kwa kaka yangu Javan,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Apondi. Mgongo wako je, umepoa? Na mahindi, mvua imeyafaa? Sisi huku ni wazima, ila mimi nina hasira.

Barua yako nimeipata. Umesema kwa kuwa reli wamenistaafisha, nirudi nyumbani nikae kivulini. Kaka, kwa heshima zote, sirudi. Sijachoka.

Jumamosi tulionyeshwa sinema ukumbini. Ilikwenda pole kama kobe: mzee wa shamba la mkonge anakata majani, ananoa panga, anakata tena. Watu wakapiga miluzi wakidai picha ya ngumi. Kisha msimamizi akamwita, akamsomea karatasi kwamba umri wake umefika, akampa blanketi. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, tena akashukuru! Nikasimama nikapiga kelele kwamba akatae. Ukumbi mzima ukanicheka. Apondi akanivuta shati, akaniuliza kama nimesahau kuwa ile ni picha tu.

Sikusahau. Mikono ya yule mzee ilikuwa kama yako hasa, ndiyo sababu nakuandikia.

Unakumbuka mwaka 1948, reli walipotaka watu, ukakitafuta cheti chako cha ubatizo hadi ukasema mchwa wamekila? Hawakukila. Nilikichukua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nao hawakuandika watoto. Kazini nimeitwa Javan miaka thelathini na mitano, wewe ukabaki na jembe. Nimekukosea sana, na aibu ninayo.

Lakini aliyetimiza hamsini na mitano ni wewe. Mimi nina hamsini tu. Waliyemstaafisha ni Javan. Mimi Phares nimeanza kazi Jumatatu kwa fundi wa mabati Gikomba, kwa jina langu mwenyewe.

Saa ya ukutani waliyonipa siku ya kuniaga imechongwa jina lako. Jirani yangu Patrobas anakuja huko, nimempa akuletee. Itundike au uivunje, ni haki yako. Na ukitaka kuja kunichapa, njoo, kaka. Sitakimbia. Ila usinitafute nyumbani mchana, nitakuwa kazini.

Shemeji na boma lote uwape mkono kwa niaba yetu.

Ni mimi mdogo wako,
Phares