Sentensi Aliyoikata Mkurugenzi

Mtani wangu Kabula,

Shikamoo usiitegemee. Mzaramo hamwamkii Mnyamwezi, hata kama Mnyamwezi mwenyewe ametangulia. Nimekaa juu ya kiroba cha mawe hapa mwaloni Katoro, tunapooshea dhahabu. Karasha la kusagia mawe limeharibika tangu asubuhi, vumbi limetulia, nikaona nikuandikie kabla hasira haijanipeleka pengine. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la saba, utanivumilia.

Nina hasira, Kabula. Kulia nililia kwenu Ushetu, yakaisha.

Ulipofika hapa mara ya kwanza ulikuwa umevaa glavu za buluu, unawaomba kinamama wanaoponda mawe wakukatie nywele kidogo, ukapime zebaki iliyomo mwilini mwao. Nywele! Katika nchi hii! Walikukimbia kama moto. Mmoja alishaanza kuwaita wanaume waje na fimbo. Mimi nikapaza sauti, "Mpeni tu, huyu ni mtumwa wangu tangu enzi za babu zetu. Akizichezea nywele zenu namuuza Bagamoyo." Wakacheka, wakakaa. Na wewe hukuniachia. "Mzaramo wewe, ngoma ikilia Kisarawe unaacha hata maiti njiani, utaweza kumuuza nani?" Tangu siku hiyo mimi niliye mbali na kwetu nikawa na ndugu. Michembe yangu ya viazi ukawa unaila kama uliilima wewe.

Ulipochaguliwa kwenda Dodoma ulikuja kuniaga. Ulinieleza kwamba mnaosomea ule udaktari usio wa sindano mnachukuliwa mwaka mmoja, mnakaa wizarani, mnawaambia wakubwa sayansi inasemaje kabla hawajaamua jambo. Nikakuuliza, "Kwani wakubwa hawakusoma?" Ukasema, "Wamesoma, mtani. Ila hawajawahi kukaa hapa." Niliamini. Niliamini kuliko wewe, na ndiyo maana inaniuma hivi.

Mwaka mzima ulipigania sentensi moja: zebaki isichomwe jikoni wala mahali penye mtoto. Ulijua kwa nini watu wanaichomea ndani ili ibaki dhahabu tupu. Nje macho ni mengi, mtu anaogopa kuporwa dhahabu yake, basi anafunga mlango, anawasha jiko lile lile la ugali, moshi unajaa chumba na mtoto yumo mgongoni. Uliliona hilo kwa macho yako, ukalipima, ukaliandika.

Halafu ukanipigia simu. "Mkurugenzi wetu ameikata kwenye waraka, mtani. Anasema wachimbaji wadogo wataleta fujo."

Wachimbaji wadogo ni mimi, Kabula. Hajawahi kuniuliza. Mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi alichukua jina langu akalitumia kukuziba mdomo wewe. Ulisema mwaka wako ukiisha utakuja kutuambia wenyewe, ana kwa ana. Na kweli ulipanda basi kuja, na basi halikufika. Basi ndilo lililokuua, si yeye. Najua. Lakini hasira yangu haitaki kutofautisha, na sina mpango wa kuifundisha.

Sasa nikusimulie mazishi yako, maana uliyakosa.

Nilifika Ushetu na viatu vya mwaloni, wazee wakafurahi. "Mtani amekuja, msiba umekamilika." Nikafanya yangu yote. Nilivaa koti lako jeupe, nikawazungukia waombolezaji nikiomba nywele. Mama yako, ambaye hakuwa amekula tangu taarifa ifike, alicheka mpaka akashikwa mbavu. Kisha likaja gari la serikali. Akashuka yeye. Shati limenyooka, karatasi mkononi.

Alisoma vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akasema mapendekezo ya marehemu yamekuwa dira ya ofisi yake. Dira! Nilikuwa nimesimama karibu na jeneza. Mikono yangu hii ya kubeba mawe ilikuwa tayari. Ningemkamata shingo, wangenifunga, na wewe ungezikwa katikati ya vurugu. Nikakumbuka nimevaa koti lako, na kwamba mtani msibani haguswi.

Nikaruka kaburini. Nikakaa.

"Mkurugenzi, shikamoo!"

"Marahaba," akasema, anatabasamu kidogo, hajui anakokwenda.

"Shuka huku chini basi usome vizuri. Huku ndiko ofisini kwake sasa."

Watu wakaangua kicheko. Akacheka na yeye, angefanya nini? Nikamwambia sitoki, na maiti haiingii, mpaka atamke ile sentensi aliyoikata. Kicheko kikapungua. Wengine walidhani ni mzaha kama ule wa nywele. Wengine wakaanza kumwangalia. Akasema hilo ni suala la kitaalamu, si la hapa. Ndipo shangazi yako, yule mwenye kigoda, akamgeukia bila hata kuinuka, akasema, "Baba, mtani akishika kaburi hashindwi. Tamka tuzike, jua linatuchoma."

Akatamka. Kwa sauti ya mtu anayenunua kitu cha aibu dukani.

"Hatusikii!" nikapiga kelele. "Mwenzangu huyu amelala, ongeza!"

Akaitamka tena, kwa nguvu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Zebaki isichomwe jikoni wala mahali penye mtoto. Na nani aliikata? Mimi. Hilo "mimi" nililidai peke yake, na akalitoa. Nikapanda juu, nikavua koti lako, nikamkabidhi mama yako. Mkurugenzi akanipa mkono mbele ya watu kwa sababu desturi inamlazimu. Kabula, sijawahi kushika kitu kitamu kama ule mkono.

Utaniuliza kama sentensi imerudi kwenye waraka. Haijarudi. Yeye bado yuko kwenye kiti chake na gari lake. Lakini habari ya kaburini ilifika mwaloni kabla yangu, na sasa moshi wa zebaki una jina. Unaitwa Mkurugenzi. Mtu akiwasha jiko utasikia, "Mama Neema, mtoe mtoto huyo, Mkurugenzi anakuja!" Mama Neema aliyekuwa akichomea chumbani kwake sasa anachomea kule kwenye lundo la mchanga, wenzake wamemzunguka kama askari ili asiporwe. Wengine bado ni wabishi, wanafunga milango yao. Hao tunawaimbia dirishani mpaka wanatoka wakitutukana.

Haijanitosha. Nilidhani ingenitosha.

Juzi amekuja binti anaitwa Rehema. Naye anasomea udaktari kama wako, naye wamempeleka wizarani mwaka mmoja, chini ya Mkurugenzi yule yule, kwenye meza yako. Aliuliza habari zako kabla hajaomba maji ya kunywa. Nikamwambia yote. Akaniuliza afanye nini ili yake yasikatwe.

Nikamjibu kwamba kukatwa yatakatwa, huyo mzee ana mkasi. Ila asiandike kitu cha kupeleka Dodoma kabla hajakisema hapa, karasha likiwa limezimwa, kinamama wamekaa, wanamuuliza na kumbishia mpaka kieleweke. Akipeleka juu kikakatwa, huku chini kitakuwa kimeshaanza kufanyika. Amekubali. Jumamosi anaanza na habari ya maji ya kisima chetu.

Basi kwaheri, mtumwa wangu mwenye akili. Ahadi yangu kwako ndiyo hii: kila mwanafunzi watakayempeleka ofisini kwa yule mtu, nitamtafuta, nitamleta mwaloni, nitamkalisha juu ya kiroba aseme yake yote kwanza. Nitafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, mgongo wangu ukiniruhusu. Mkurugenzi aendelee kukata. Atastaafu mkasi mkononi, na kila alichokitupa kitakuwa kinatembea huku Katoro.

Mzaramo wako,
Shomari