Joka la Ngazi ya Tisa

Nairobi, 3 Machi 2025

Kwako Mjomba Wabwire,

Salamu nyingi kutoka huku. Anti Athieno anaendeleaje na mguu wake? Mimi ni mzima, ila macho yanauma kwa kukaa mbele ya kompyuta.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako haipatikani. Dereva wa basi atakupa barua hii pamoja na flashi. Ndani ya flashi mna gemu niliyoitengeneza mwenyewe tangu nilipoacha kazi ya benki. Inaitwa Shimo la Wafalme. Unashuka shimoni na taa na panga, unapigana na mazimwi, unatafuta taji. Ukifa umekufa. Anayeshuka baada yako ni ndugu yako, naye atakukuta palepale ulipoangukia.

Mwezi wa tisa kuna maonyesho ya gemu hapa na wanunuzi watakuja. Baba amesema gemu isiponunuliwa, Krismasi nirudi Busia nikauze misumari dukani kwake. Unamjua Baba akishasema.

Wewe una kibanda cha gemu hapo upande wa Uganda, na wateja wanaojua kucheza. Icheze, wape nao waicheze, kisha uniandikie uzuri wake na ubaya wake. Usinionee huruma.

Mpwa wako,
Kevina


Busia, upande wa Uganda, 21 Machi 2025

Mpwa wangu Kevina,

Salamu zako zimefika na hazikumwagika njiani. Sisi wazima. Mguu wa Anti yako umepona, jana kamkimbiza mbuzi mpaka mbuzi akaomba maji.

Simu yangu usiitafute tena. Nilikuwa navuka Mto Sio, mamba akaruka. Nikampiga ngumi ya pua, akaona aibu, akaondoka na simu. Watu wa kule chini wanasema mto unaita asubuhi na hakuna wa kupokea.

Sasa gemu. Nimeimaliza. Siku ya kwanza tu nilishuka mpaka ngazi ya tisa, nikakuta joka refu kama yale malori yanayolala foleni hapa mpakani. Nikalikata kichwa, nikalikalia, nikanywa chai. Muulize Okurut wa buchani, alikuwa nyuma yangu, ingawa wakati wa joka alikuwa ametoka nje kidogo.

Uzuri wake: ile sauti ya maji yakidondoka gizani. Apolot anayeuza dagaa hapa mlangoni alidhani paa langu linavuja, akahamisha dagaa wake wote. Na taa. Mafuta yakipungua ile taa inafifia, na wewe unajikuta umebana pumzi kama ndiyo inayoungua. Hapo umeweza, nakwambia.

Ubaya: maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mkoba unabeba vitu vichache. Mi nikitoka soko la Nagongera nabeba kuku, mkungu wa ndizi na baiskeli yenyewe. Yule mwenye duka wa ngazi ya kwanza hapunguzi bei hata umsalimie na kumuulizia watoto. Huyo si mwenye duka, huyo ni ukuta. Halafu mazimwi yako yananiogopa. Yaongeze meno.

Mjomba wako,
Wabwire


Nairobi, 10 Aprili 2025

Mjomba,

Nimefurahi kusikia mguu umepona. Mpe pole mbuzi.

Mjomba, gemu ina ngazi saba. Joka sikuchora.

Nahitaji kweli tupu. Hapa nimewapa watu wengi wajaribu. Wote wanasifu picha, wanasifu sauti. Wakifa mara moja wanazima kompyuta na hawarudi. Nikiwauliza kwa nini, wanasema ni nzuri tu. Huo ndio ubaya wake wenyewe, na dawa yake siijui. Ikibaki hivi, misumari inaningoja.

Hapo kibandani kwako, mtu akifa, anarudi?

Mpwa wako,
Kevina


Busia, 2 Mei 2025

Mpwa wangu,

Hapa mvua inatupiga lakini tunakula. Natumaini macho yako yamepumzika.

Ngazi saba? Basi wewe ni fundi aliyejenga nyumba asiingie vyumba vyote. Ukifika ya saba, piga teke ukuta wa kushoto. Wengine mpaka tuwafundishe.

Unauliza kama wanarudi. Wee! Kibanda hakina pa kuweka mguu. Wanarudi kwa sababu ya misiba.

Kuna ubaya mmoja niliona haya kukuandikia, maana wewe umelelewa vizuri. Umewaacha maiti kule chini. Mtu wa Okurut alichomwa mkuki ngazi ya pili, akafa. Akashuka ndugu yake. Okurut akataka amruke aende zake kupigana. Anti yako ndio kwanza alikuwa anaingia na chai. Akasimama.

"We Okurut, unamruka ndugu yako?"

"Mama, hii ni gemu."

"Na hapo pameandikwa nini? Si nimekusikia unasoma 'ndugu'? Kwenu Tororo ndivyo mnavyofanya?"

Mtu mzima anayechinja ng'ombe kila siku akainamisha kichwa.

Tukajaribu tukaona maiti akisukumwa anasogea, kama gunia. Tukamsukuma mpaka ngazi ya kwanza, pale kwenye nyasi karibu na mlango wa shimo, maana mtu hazikwi ugenini. Tukachimba na ile sepetu yako ya kutafutia hazina, tukamtumbukiza. Mi nikatoa hotuba. Nilisema marehemu alikuwa rafiki yangu tangu utoto na aliwahi kuniokoa na chatu. Apolot akalia.

Tangu siku hiyo ni sheria ya kibanda: hakuna kupigana kabla ya kuzika. Kwa hiyo mafuta yote ya taa yanaishia kuwasukuma watu kwao, na ngazi ya tatu hajaiona mtu. Isipokuwa mimi, bila shaka, kwa sababu ya lile joka. Lakini akishafiwa, mteja haendi kwingine. Atakwendaje na mtu wake amelala chini? Apolot hajawahi kugusa kompyuta, na kila jioni akifunga dagaa anachungulia kuuliza nani kafa leo.

Basi andika hivi: ubaya wake, haina makaburi.

Mjomba wako,
Wabwire


Nairobi, 20 Agosti 2025

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Anti. Unisamehe kwa kimya hiki kirefu. Nilipoisoma barua yako niliibomoa gemu nikaijenga upya, na sasa nimebaki na siku za kuhesabu.

Maonyesho ni tarehe 13 Septemba. Njoo, ucheze mbele ya wanunuzi. Wewe ndiye uliyefika ngazi ya tisa, sina mchezaji mwingine.

Mpwa wako,
Kevina


Busia, 1 Septemba 2025

Mpwa wangu Kevina,

Tu wazima, na wewe uwe mzima zaidi.

Ningekuja. Koti la kijani lilishapigwa pasi. Lakini kuna kiboko amelala katikati ya barabara ya basi, na huyo tuna kesi ya zamani, akiniona dirishani atalipindua basi zima. Siwezi kuwaponza abiria.

Jambo lingine. Nilivuka kwenda kumsalimia baba yako, nikakuta ameshakutengea rafu. Misumari ya kila aina imepangwa kwenye makopo, na kopo la mbele limeandikwa jina lako. Nilikuwa nageuka tu, kiwiko kikagusa. Yote chini, mpaka ya mabati ikachanganyika na ya mbao. Baba yako anaichambua mmoja mmoja na kunitukana kwa Kisamia. Kwa mwendo wake, Krismasi itamkuta bado sakafuni.

Cheza wewe. Mazimwi yakikusumbua, yatajie jina langu.

Mjomba wako,
Wabwire


Nairobi, 16 Septemba 2025

Mjomba mpendwa,

Natumaini kiboko ameondoka, na kwamba Anti hajambo.

Maonyesho yamepita. Siku hizi ndani ya gemu maiti anabebwa mgongoni. Ukimfikisha kwenye nyasi ukamzika, taa yake inabaki inawaka juu ya kaburi, na ndugu anayefuata anashuka na mwanga wa taa zote mbili. Kadiri mnavyozikana ndivyo mnavyoona mbali.

Asubuhi watu walikufa, nikajua sasa watainuka waende zao. Hawakuinuka. Mama mmoja mwenye mkoba wa ofisi, ambaye alisema alikuja kumsindikiza mwenzake tu, alikatalia kwenye kiti. Foleni ikamlalamikia. Akawajibu bila kugeuka, "Nina mtu wangu chini huko. Ngojeni." Walingoja. Wengine wakaanza kumwelekeza njia.

Kampuni moja imeinunua. Sahihi tumeweka jana. Nilimpigia Baba, akasema sawa, ila nikija Krismasi nimsaidie kuchambua misumari.

Kuna jambo moja sikukuomba ruhusa. Mlangoni mwa shimo, kando ya makaburi, nimeweka mzee. Ana koti la kijani, amekalia kreti ya soda, sepetu iko magotini. Yeye ndiye anayetoa hotuba za mazishi, na kila anayepita anamwambia kwamba aliua joka la ngazi ya tisa. Gemu bado ina ngazi saba, Mjomba. Lakini siku ile, waliofika ya saba hawakutaka kutoka. Walikuwa wanapiga teke ukuta wa kushoto.

Flashi mpya iko ndani ya bahasha.

Mpwa wako,
Kevina


Busia, 4 Oktoba 2025

Mpwa wangu,

Salamu. Tu wazima wote, na baba yako bado ameinamia misumari.

Kibanda kizima kimemwona yule mzee. Okurut alicheka mpaka akasahau nyama kwenye mizani. Anti yako anasema koti limemkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi. Apolot alimsalimia.

Mi nimemsikiliza kwa makini, na nakwambia kweli tupu kama ulivyoniomba. Gemu sasa ni nzuri. Imebaki na ubaya mmoja: huyo mzee ni mwongo. Mrekebishe kabla watu hawajamzoea.

Majoka yalikuwa mawili.

Mjomba wako,
Wabwire