Siku Nane Bila Kuitika

Maskati, Jumatano, Oktoba 1970

Joto la leo halina haya. Nimefunga dirisha la upande wa soko, nimefungua la uani, na bado karatasi inanata mkononi. Wiki iliyopita tu nilikuwa nalilaani baridi la Uingereza. Mimi mtu wa ajabu, hakuna nchi inayonipendeza.

Leo nataka niseme kweli, maana nimezungukazunguka sana.

Barua ya khaloo, mdogo wake mama, ilinikuta Landan wiki niliyomaliza masomo ya uuguzi. Mama hajiwezi, njoo. Miaka sita hatujaonana, tangu tulipotawanyika Unguja, yeye akaja huku na mimi nikaenda kusoma. Mtu mwenye akili angetafuta ndege siku ile ile. Mimi nikasema, siku nane tu, niione Uingereza kwanza, maana sitarudi tena. Uongo mtupu. Niliogopa kumkuta mama kawa mzee, katika nchi nisiyoijua.

Basi nikazurura peke yangu kama niliyefukuzwa. York nilitembea juu ya ukuta wa mji mvua ikininyea, asubuhi kanisa kuu, mchana makumbusho, jioni garimoshi. Chester, maduka juu ya maduka. Lincoln, mlima ulionikata pumzi. Bath, maji ya moto yatokayo ardhini yanafuka moshi, na mimi natafuna mkate nimesimama ili nisikose basi. Miguu ilivimba.

York ndiko nilikoitwa mara ya kwanza, mchana, natoa mkate mkobani.

"We Nyange!" Nyuma yangu, wazi kabisa. Nyange ni jina langu la nyumbani, la yule ndege mweupe, kwa ajili ya miguu yangu mirefu. Kwenye pasi mimi ni Salma. Uingereza nzima hakuna mtu alijuaye jina hilo. Nikageuka. Bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake, basi.

Sikuitika. Mama mwenyewe ndiye aliyenifunza tangu mdogo: ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza, huyo si mtu. Chester nikaitwa tena. Lincoln pia. Bath mara mbili, na ile ya pili sauti ilikuwa na kilio ndani yake. Nywele zilinisimama. Nikafunga mdomo, nikaenda zangu kutazama maji.

Nilijiona hodari.

Jumapili ndege ilitua Ruwi, nje kidogo ya Maskati, kwenye kiwanja chembamba katikati ya milima, na khaloo akanipokea kwa machozi. Njiani ndipo aliponiambia. Kila siku baada ya alasiri mama huinuka kitandani, akageukia dirishani, akaniita. "Anakwita, mwanangu, mpaka sauti inamkauka. Kisha ananiuliza, mbona haitiki?"

Saa za huku zimezitangulia za kule kwa saa tatu. Nimehesabu kwa vidole, tena na tena. Alasiri ya hapa, kule ni saa sita na nusu. Ndiyo saa niliyokuwa natoa mkate mkobani, pale York.

Mama hanijui. Siku ile ile ya kwanza nilimbusu mikono nikalia, naye akamwambia khaloo, kwa adabu zake zote, "Mpe mgeni kahawa." Tangu hapo nimekaa kwenye kiti ubavuni mwa kitanda. Alasiri ikifika ananipa mgongo, anaita dirishani, "We Nyange!" Nami nipo hapa hapa, nimemshika bega. "Abee mama, abee!" Hanisikii. Anangoja jibu la huko nje.

Nimeanza kuogopa kwamba yuko kweli huko nje, mimi mwingine, bado anatembea mvuani na mdomo kaufunga.

Leo nimeshindwa. Alipoanza kuita nilitoka mbio, bila hata viatu, nikaizunguka nyumba, nikasimama juani chini ya dirisha lake. Jirani na mbuzi wake wakanishangaa.

"Abee mama! Nakuja!"

Mama akacheka, cheko lake lile lile la Unguja.

"Mtoto we! Siku zote hizi nnakwita, ulikuwa wapi? Haya, ingia. Ingia polepole, mna mgeni humu. Tangu Jumapili kakaa tu kitini, ananitazama, haondoki."

Nilifurahi, nikaizunguka nyumba tena mbio kurudi ndani. Kisha nikasikia baridi, katika joto hili.

Khaloo alikuwa kasimama mlangoni mwa chumba. Alinitazama mimi, akatazama ndani, akanitazama tena.

Niliingia. Mama alinikumbatia, akaninusa shingoni, akanigombeza kwa kukonda. Hatimaye nimekuwa mwanawe. Lakini muda wote aliokuwa akinigombeza, alininong'oneza tu, akitupia jicho kile kiti kitupu, mgeni asisikie.

Kesho nitakaa mkekani. Kile kiti sikigusi.