Kopo la Mwaka Huu

Mpendwa mshauri,

Leo ni tarehe tatu Machi, na nimetimiza miaka thelathini na mmoja nje ya kwetu. Naomba msaada.

Marehemu baba alikuwa fundi samani, na vanishi yake ilisifiwa na kila aliyekalia kiti chake, naye kwa kuogopa wezi alitugawia siri yake sisi wanawe wawili, kaka akafundishwa kuchanganya na mimi nikafundishwa kupika, akatuapisha kwamba hakuna kuandika, ni mdomo kwa sikio, basi nilipoondoka niliendelea kupika jikoni kwangu, dirisha wazi, nikituma kopo moja zito kila mwaka, kaka analizimua kwa sehemu yake, karakana inaendelea, nami kwa wiki nzima vidole vyangu vinanukia nyumbani. Sasa kifua kimekataa moshi na daktari amesema basi. Karakana inaendeshwa na binti wa kaka, aliyefundishwa kuchanganya na baba yake, kopo lililobaki ni la miezi miwili, na ameniomba nimrekodie mapishi kwenye simu.

"Subiri, nakuja kukuonesha mwenyewe," nikamwambia.

Akacheka. "Baba mdogo, kila mwaka unakuja wewe, na kila mwaka linakuja kopo."

Jirani yangu anasema nisajili hataza upesi, ile haki ya mvumbuzi, kwa jina langu. Fomu ninayo mezani. Nirekodi, nisajili, au nisubiri nisafiri? Sanduku liko tayari. Limekuwa tayari miaka mingi.

Mzee wa Kopo

*

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekasirika.

Hiyo fomu iondoe mezani. Ukiomba hataza unaeleza mapishi yako hadharani, unalindwa miaka ya kuhesabika, kisha yeyote mwenye sufuria anaruhusiwa kupika. Na kwa jina lako peke yako? Nusu ya kaka yako umeiweka wapi? Kurekodi nako usithubutu. Sauti ya simu inasambaa kabla hujameza mate.

Siri ya biashara hulindwa maadamu imebaki siri na wenyewe wanaweza kuonesha walivyoitunza. Kiapo cha baba ni kizuri, ila hakimu ataomba karatasi. Kwa hiyo andika kwa mkono, nakala moja, ufunge bahasha, ipitie kwa wakili mnayemwamini hadi mkononi mwa binti. Yeye aifungie kabatini, na kila fundi atakayesogelea jiko asaini kwanza mkataba wa kutunza siri, afundishwe kipande chake tu, kama mlivyofundishwa ninyi. Usiniambie habari ya kiapo. Baba alikataza kuandika ili siri isitoke nyumbani. Ukizikwa nayo huko uliko, itakuwa imetoka.

Sasa nivumilie, mzee. Umenitajia dirisha, vidole na sanduku. Tarehe ya safari hukuitaja. Unaogopa kwamba kopo likikoma, hakuna atakayekuulizia tena. Binti anayekutania vile hakupendei kopo. Lakini anakusubiri, na wakati anasubiri jiko lake linapoa.

Kaa leo uandike. Ukishaeleza wakati wa kuepua, ongeza mstari mmoja, kwa mwandiko uleule: Mwanangu, mimi sitarudi.