Risasi Zisizo na Risasi

Alhamisi, Alby

Bado nacheka, ingawa mchana nilikuwa nimenuna.

Mama, ambaye tangu aje huku ughaibuni kutoka Tanga amelifanya jiko langu kuwa lake, aliniona nikiweka boksi dogo mezani. "Nini hicho?" Nikamjibu bila kufikiri: "Risasi zisizo na risasi. Za kuwindia paa."

Akaangua kicheko. "Sasa mnyama utamuua kwa matusi?"

Nikamweleza kwamba risasi za kawaida zina madini ya risasi ndani yake, na zikimpiga mnyama humeguka chembechembe kwenye nyama. Nyama hiyo ataila Rehema wangu, mtoto wa miaka miwili. Hizi ni za shaba tupu. Hakunisikia, alikuwa ameshampigia mdogo wake simu amsimulie.

Ila hofu nilikuwa nayo. Shaba ni nyepesi, na bunduki yangu haijaizoea. Nimjeruhi paa, akimbie na maumivu yake msituni... hapana, hilo nisingejisamehe.

Kwa hiyo jioni nilikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Nilipiga tatu. Matundu yote matatu yalikaribiana hata kifuniko kimoja cha soda kingeyafunika.

Nikarudi na ile karatasi niliyoilenga, nikaibandika kwenye friji. Mama akapitisha kidole juu ya matundu, taratibu.

"Haya. Shaba imepata shabaha."

Kisha akatoa nazi kwenye friza iyeyuke, ya kupikia nyama ya paa. Nimemwambia kuwinda ni Jumamosi, na paa mwenyewe bado yuko msituni anakula majani yake, hana habari.