Usiipeleke Saa ya Babu kwa Fundi

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi wa Mtongwe hatujambo, alhamdulillahi. Shangazi yako kajifungua kisichana, sauti kama king'ora!

Waniuliza mbona saa ya marehemu babu yako, ile yenye majina ya miji ya dunia, iko nyuma saa sita. Ni mimi. Alipokuwa baharia aliniachia nijue kwake ni saa ngapi, nami nikaiweka kwa saa zetu za Kiswahili, magharibi ikisoma kumi na mbili. Nikitazama London nasema, "Sasa anakunywa chai ya asubuhi." Kumbe kesha kula cha mchana kitambo! Aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, na kuirekebisha akakataa. "Dunia nzima," alisema, "hii ndiyo saa pekee iliyoniuliza kama nimekula."

Nawe huko, umekula?

Bibi yako